Madoa ya Rangi kwenye Nguo za Mtoto: Jua Kwanza Alikuwa Anachorea Nini

Kabla hujachota maji, uliza mtoto alikuwa anachezea rangi gani. Maji ya moto yanayolainisha gundi huizamisha nta ya krayoni ndani ya nyuzi, na spiriti inayotoa wino haihitajiki kabisa kwenye rangi za maji. Madoa mengi huwa sugu kwa sababu yalianzwa vibaya.

Rangi za maji, za vidonge au za chupa, ndizo rahisi. Kwangua zilizolundikana, geuza nguo, kisha pitisha maji baridi ya bomba kwa nyuma ya doa ili rangi irudi ilikoingilia. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, acha dakika 15, fikicha, suuza. Nyekundu na zambarau mara nyingi hudai kurudiwa.

Akriliki, rangi ya kuchorea yenye plastiki ndani yake, ndiyo ya kuhofia. Ikiwa mbichi hutoka kwa maji na sabuni, lakini ikikauka hugeuka plastiki na maji hayaifanyi kitu. Kwa hiyo kama huwezi kufua papo hapo, itumbukize sehemu yenye doa kwenye maji na uiache humo. Ikishakauka, iloweshe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, subiri dakika 5 hadi 10, kisha kwangua kwa ukingo wa kijiko. Rudia mpaka isibanduke tena, halafu fua kwa sabuni. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, maana spiriti huweza kuchujisha rangi ya nguo yenyewe, na michoro iliyochapwa kwenye fulana nayo hulainika. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usiitumie kama kitambaa ni asetati (kitambaa kinachong'aa kama hariri), itakiyeyusha. Na tuseme ukweli: akriliki iliyokaa siku kadhaa kwenye sweta mara chache hutoka yote.

Krayoni ni nta, na huyeyuka kuanzia karibu nyuzi joto 50. Weka nguo kwenye friza nusu saa, kwangua nta iliyogandamana, kisha ibane sehemu hiyo katikati ya karatasi nyeupe zinazonyonya. Bonyeza kwa pasi ya joto la wastani isiyo na mvuke kwa sekunde 10 hivi, bila kuitelezesha, kwa kuwa ukiitelezesha unatandaza nta. Badilisha karatasi kila inapoingia mafuta. Rangi inayobaki paka sabuni ya vyombo, kisha fua kwa maji ya moto kadiri lebo inavyoruhusu. Pekua mifuko kabla ya kufua: kipande kimoja kikiingia kwenye mashine ya kukaushia huchafua nguo zote zilizomo.

Kalamu za rangi za watoto zinazooshika hutoka kwa maji baridi na sabuni. Wino wa kalamu ya kawaida au wa kudumu unataka spiriti. Laza nguo doa likitazama chini juu ya kitambaa cheupe, gonga kwa pamba yenye spiriti kutoka ukingoni kuja katikati, na kisogeze kitambaa kila kinapopokea wino. Kusugua hulipanua doa. Fungua madirisha, kaa mbali na moto, na suuza spiriti yote kabla pasi haijakaribia.

Gundi nyeupe: loweka kwenye maji vuguvugu saa 1, ikilainika ibandue.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iache. Rangi nyingi za kuchorea haziondoki kwayo, huku rangi ya nguo ikififia. Tena ikichanganyika na siki, amonia au spiriti hutoa kemikali zenye sumu.

Ukimaliza, kagua doa penye mwanga nguo ikiwa bado mbichi. Kama kivuli chake kipo, rudia hatua zilezile. Usiianike wala kuipiga pasi, kwa sababu joto hukigandisha.