Je, mwenye nyumba wa kupangisha Uganda anahitaji leseni?

SWALI: Wakili, salamu. Mimi ni mstaafu wa jeshi. Kiinua mgongo changu nimekijengea mizigo minane, yaani vyumba vya kupangisha vilivyopangwa mstari mmoja, nje kidogo ya Kampala, kila chumba shilingi 150,000 kwa mwezi. Wapangaji wameingia mwezi uliopita. Juzi amekuja mtu mwenye kitambulisho shingoni, akasema sina leseni ya mwenye nyumba, nimpe shilingi 300,000 taslimu anisajili. Binti yangu anayeishi Uingereza anasema huko leseni hiyo ipo kweli. Hapa kwetu ipo? Na ni karatasi zipi ninazotakiwa kuwa nazo?

JIBU: Afande, usimpe mtu huyo hata shilingi. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, ambayo ndiyo inayotawala vyumba vyako, haina leseni ya mwenye nyumba ndani yake. Binti yako naye hakukosea. England, nyumba wanayochangia watu watano au zaidi kutoka familia tofauti, wakitumia jiko au choo kimoja, lazima iwe na leseni ya halmashauri. Ila hiyo ni sheria ya kwao.

Lakini usifunge faili bado. Kwamba hakuna leseni ya jina hilo haina maana kwamba huna unachodaiwa. Karatasi iliyo karibu zaidi na leseni hapa kwetu ni kibali cha kukalia jengo, na katika barua yako ndiyo karatasi ambayo hukuigusa kabisa. Kwa hiyo naanza na hiyo.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kuna vibali viwili. Kibali cha kujenga unakiomba kabla ya kuchimba msingi, kwa kupeleka ramani kwenye kamati ya majengo ya serikali yako ya mtaa. Kibali cha kukalia kinatolewa jengo likishakamilika na kukaguliwa, kabla mtu hajalala humo. Wenye nyumba wengi ninaokutana nao wana cha kwanza, hawana cha pili. Wakishapiga bati na kupaka rangi, wanagawa funguo.

Hilo linaniuma, kwa sababu ukaguzi huo unamlinda mtu anayelala ndani. Mkaguzi ataangalia kama shimo la choo liko mbali vya kutosha na kisima, kama nyaya zimefungwa na fundi anayejua kazi, kama chumba kina dirisha la kutosha. Unajua jinsi watu wanavyoishi kwenye mizigo: mvua ikinyesha, sigiri ya makaa inaingizwa ndani na mlango unafungwa. Chumba kisicho na tundu la hewa huua familia nzima usingizini, na moshi wenyewe huuoni. Kama hujakaguliwa, nenda wiki hii ofisi ya mhandisi wa manispaa ukiwa na ramani na hati ya ardhi, uombe ukaguzi. Kama kiwanja ni kibanja, yaani umekalia ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, beba mkataba wako wa ununuzi na stakabadhi za busuulu, ile ada ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi. Uhusiano wako na mwenye mailo uko chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998, usiuchanganye na huu wa wewe na wapangaji wako.

Sasa fedha. Kiswahili chetu kinatutega kidogo hapa, maana neno "kodi" hubeba anacholipa mpangaji na anachochukua serikali pia. Mimi nitasema pango kwa kile cha mpangaji. Pango lako kwa mwaka, vyumba vyote vikiwa na watu, ni 14,400,000. Tangu Julai 2022, mtu binafsi hulipa URA, mamlaka ya mapato, asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Toa hizo, zinabaki 11,580,000, na asilimia 12 yake ni shilingi 1,389,600. Gharama za rangi, fundi bomba au riba ya benki hazipunguzi hesabu hiyo. Chukua namba ya mlipakodi (TIN) kama huna, ni bure. Kila mwezi weka pembeni kama 116,000, usije ukashtuka mwezi wa Juni mwaka wa kodi unapofungwa.

Kuna pia ushuru wa majengo wa serikali ya mtaa, chini ya sheria ya 2005. Nyumba unayoishi mwenyewe imesamehewa, ya kupangisha haikusamehewa.

Mkataba je? Sheria ya 2022 inataka upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Kwa pango lako, miezi minne tu imeshavuka hapo, kwa hiyo andikiana na kila mpangaji, hata yule mliyetoka naye jeshini. Andika namba ya kitambulisho chake cha taifa, au pasi kama ni mgeni, na mpe stakabadhi kila anapolipa. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alikotoka ni desturi nzuri, endelea nayo. Pango usilipandishe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Chumba cha 150,000 mwaka kesho kisizidi 165,000.

Na mpangaji akishindwa kulipa, Afande, najua mazoea ya amri, lakini usiweke kufuli mlangoni wala kung'oa bati. Kumtoa mtu bila amri ya mahakama ni kosa, na utakayeshtakiwa ni wewe unayedai. Nenda mahakamani mapema, deni likiwa bado dogo.

Jambo moja hubadilisha haya yote: ukianza kukodisha vyumba kwa usiku mmoja mmoja, hiyo ni loji. Hapo leseni inahitajika kweli, ya Bodi ya Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, pamoja na leseni ya biashara na ushuru wa hoteli.

Yule mtu akirudi, mwombe hati ya madai yenye muhuri, inayotaja sheria na kiasi, na umwambie unalipa benki. Akikupa hati, nenda nayo mwenyewe kwa karani wa mji uulize kama wanaitambua. Akikataa kukupa, andika jina lililo kwenye kitambulisho chake, umwite mwenyekiti wa LC1 asikie mazungumzo yaliyobaki.