Bosi anataka msimamizi aondoke kesho

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha nguo, Morogoro. Juzi fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba alikuja ofisini kwangu akilia. Anasema msimamizi wake humwita “mzigo” mbele ya wenzake na humkatalia kwenda chooni mpaka kengele ilie. Msimamizi anakana. Mkurugenzi ameniagiza niandike barua, aondoke kesho. Nifanyeje?
– Afisa, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua hiyo usiiandike.

Mimi niliwahi kuiandika. Nikiwa utumishi kwenye kampuni fulani, dereva alituhumiwa kumtukana binti wa stoo. Tukampa barua ya tuhuma saa nne asubuhi, kikao saa nane mchana, na barua yenyewe ya Kiingereza. Nilimwona dirishani amesimama kando ya gari, anaigeuzageuza ile karatasi, kisha akampa mlinzi amsomee. Mlinzi naye akatikisa kichwa. Jioni tukamfukuza. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi tulishindwa. Kinachoniuma hadi leo ni yule binti: alitukanwa kweli, lakini shauri zima likawa la barua yetu, yake hayakuulizwa tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema uchunguze kwanza. Ukiona kuna kesi, mtuhumiwa apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apate muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Anayeongoza kikao asiwe amehusika na jambo lenyewe. Mkurugenzi wako ameshatoa hukumu, kwa hiyo kiti hicho si chake. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Kwa huyo fundi, usidhani ni matusi tu. Sheria hiyohiyo inahesabu kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito kuwa ubaguzi. Kwa hiyo maelezo yake yaandike kama alivyoyatamka. Ukiandika “alidhalilishwa” umeandika maneno yako. Andika “mzigo”, andika siku, andika nani alikuwa cherehani ya kushoto na ya kulia. Hao waite mmoja mmoja, msimamizi asiwepo.

Msimamizi naye umsikilize kwa dhati. Muulize habari ya kengele: ni amri yake, au aliipokea kutoka juu ili idadi ya nguo za siku itimie? Ikiwa mafundi wote wanasubiri kengele, basi uongozi nao una la kujibu, na usimtwishe yeye peke yake.

Wakati uchunguzi unaendelea watenganishe, ila usimhamishe fundi. Huwa tunakimbilia kumhamisha aliyelalamika kwa kuwa ni rahisi, na wenzake wanaelewa kwamba kulalamika ni kosa. Tuhuma zikiwa nzito, kanuni zinaruhusu kumsimamisha mtuhumiwa kwa mshahara kamili.

La chooni lisingoje kikao. Nenda leo kwenye cherehani yake, mwambie aende kila anapohitaji, na wenzake wakusikie.