Kinanda kinalia kama kengele

SWALI: Bendi yetu ya hotelini inapiga "What'd I Say" ya Ray Charles, ya 1959. Tunachagua piano ya umeme, lakini inalia laini mno. Tunakosea wapi?
Mpiga kinanda, Majengo, Moshi

JIBU: Bila shaka mmechagua sauti ya Rhodes, piano ya umeme inayolia laini kama kengele. Ray alipiga Wurlitzer, piano ya umeme ya aina nyingine, ambayo nyundo zake hugonga ndimi za chuma. Ukibonyeza kwa nguvu, inakwaruza. Kwenye kinanda chenu tafuteni sauti ya "Wurly" (yaani Wurlitzer), zimeni korasi (athari inayotanua sauti), kisha ongezeni disto (athari inayokwaruza sauti) kidogokidogo: noti moja ibaki safi, kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ikwaruze. Kagueni pia mguso, yaani mpangilio unaofanya sauti ifuate nguvu ya kidole. Ukizimwa, noti zote hutoka sawa na utamu unakufa. Wimbo uko kwenye ufunguo wa E. Kupiga vidole vya C huku transpozi (kitufe cha kuhamisha ufunguo) ikitoa E si dhambi. Jambo jingine: rifu, yaani kipande kinachorudiwa, ya mkono wa kushoto hugongana na gitaa la besi, kwa hiyo punguzeni besi ya kinanda.