Maswali Yenu: Milango ya Seli, Kuanzia Pakiti ya ORS Hadi Sangara

Safari iliyopita niliandika kwamba kila seli ya mwili ina utando unaochagua nani aingie na nani atoke. Maswali yamekuja mengi kutoka huku kwetu Kanda ya Ziwa. Haya matano nimeyapenda.

"Mwalimu, shikamoo. Ulisema utando wa seli umejengwa kwa mafuta. Mafuta na maji havichangamani, sasa vitu vinapitaje?" Mwanafunzi wa kidato cha nne, Igoma

Marahaba. Umegusa penyewe. Utando ni tabaka mbili za molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Vichwa vimetazama nje na ndani ya seli, mikia imejificha katikati. Unene wake ni kama nanomita 7. Panga tando elfu kumi moja juu ya nyingine, ndipo unakaribia unene wa karatasi moja ya daftari lako.

Oksijeni na kaboni dioksidi hupenya hapo bila kubisha hodi. Pombe nayo hivyo hivyo, ndiyo maana huwahi kichwani. Lakini ioni za chumvi, yaani chembe ambazo chumvi huachana kuwa ikiyeyuka majini, zina chaji ya umeme, na sukari inapenda maji, kwa hiyo zikifika kwenye ile mikia zinakwama. Kazi ya kuzivusha inafanywa na protini zilizochomekwa kwenye utando zikatokeza pande zote mbili. Nyingine ni mifereji. Nyingine hukishika kitu upande huu, hubadili umbo, kisha hukiachia upande wa pili. Hata maji, ambayo hupenya mafuta kwa shida, yana mifereji yake inayoitwa akwaporini. Mmoja tu hupitisha molekuli za maji kama bilioni 3 kwa sekunde. Peter Agre wa Marekani, aliyeigundua, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Kwenye mtihani usiandike kwamba "utando hupitisha vitu vidogo tu". Ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko molekuli ya pombe, na bado haipiti bila mlango wake.

"Mjukuu wangu aliharisha, nesi akanipa ORS. Nilipoionja nikakuta ina sukari. Dawa ya kuhara ya nini sukari?" Bibi wa Mabatini

Shikamoo Bibi, na pole kwa kuuguza. Ile sukari haikutiwa kwa ajili ya ladha. Bila hiyo dawa haifanyi kazi.

Seli za utumbo mwembamba zina protini moja ambayo mimi huifananisha na mtumbwi wa kuvusha watu. Nahodha hang'oi nanga mpaka abiria wake wote wamekaa: sodiamu mbili, ambayo ni sehemu ya chumvi, na glukosi moja, ambayo ni sukari. Ukileta chumvi peke yake, mtumbwi huo hauondoki. Ukileta vyote viwili, vinavuka kuingia mwilini, na maji yanavifuata. Aliyelieleza jambo hili kwanza ni Robert Crane, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague mwaka 1960.

Kinachoyavuta hayo yote ni pampu iliyoko upande wa pili wa seli. Inatoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, tena kwa kutumia nguvu ya chakula tulichokula, ili ndani ya seli sodiamu iwe haba na ile ya utumboni itamani kuingia. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, na Nobel akaipata miaka arobaini baadaye.

Sasa tazama kipindupindu, ambacho sisi wa mwambao wa ziwa tunakijua. Sumu yake huifanya milango ya kloraidi, ile sehemu nyingine ya chumvi, kwenye seli za utumbo ibaki wazi. Kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, na maji nyuma yake, hata lita moja kwa saa kwa mtu mzima aliyezidiwa. Lakini ule mtumbwi sumu haiugusi! Mlango wa kutokea umeachwa wazi, wa kuingilia bado unafanya kazi. Kila nikilifundisha hili darasani moyo wangu hutulia kidogo, kwa sababu nimeliona kwa macho.

Nilikesha na mtoto wa dada yangu usiku mmoja, midomo imemkauka, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Kijiko kimoja, nasubiri kidogo, kijiko kingine. Akitapika nangoja dakika kumi, naanza tena. Alfajiri alikojoa kwenye khanga ya mama yake, na dada akalia kwa furaha.

Kwa hiyo Bibi, vipimo visichezewe. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja kamili ya maji safi na salama. Soda usimpe, kwa kuwa sukari yake imezidi mno, nayo huyavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni na kuzidisha kuhara. Ukikosa pakiti usiku, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi vitakufikisha asubuhi. Kama alipewa na vidonge vya zinki, avimalize siku zake zote, 10 hadi 14. Akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa au akitoa damu, mkimbize kituo cha afya huku unaendelea kumpa kijiko njiani kama anaweza kumeza.

"Sangara anakaa majini maisha yake yote. Mbona havimbi akapasuka?" Mvuvi, Kayenze

Maji ya ziwa yanamwingia kweli, hasa kupitia matamvua, kwa kuwa damu yake ina chumvi kuliko ziwa. Anajiokoa kwa kukojoa sana mkojo mwepesi, huku seli za matamvua zikiokota chumvi kidogo iliyomo ziwani na kuirudisha kwenye damu. Mpeleke baharini, mambo yanageuka: atanyauka. Na wale dagaa mnaowatia chumvi hapo Mwaloni Kirumba wakatoa maji, ni kanuni ile ile, maji yanakimbilia penye chumvi nyingi.

"Vidonge vya kichocho wanavyopewa watoto shuleni vinamfanyaje mnyoo?" Mzazi, Ukerewe

Vinafungua mlango usiotakiwa kufunguka. Prazikwanteli, ndiyo dawa iliyomo kwenye vidonge hivyo, huufungua mfereji wa kalisiamu kwenye seli za mnyoo, kalisiamu inaingia kwa wingi, misuli yake inakakamaa, anaachia mshipa wa damu aliokuwa ameung'ang'ania, na kinga ya mwili inammaliza. Dawa hii imetumika miongo mingi kabla mfereji huo haujatambuliwa, mwaka 2019. Mtoto ale kwanza ndipo ameze, na apewe idadi ile ile ya vidonge iliyosomwa kwenye kijiti cha kupimia urefu wake. Wale minyoo wachanga dawa haiwawezi vizuri, wala haimkingi akirudi kuoga ziwani kesho yake. Naomba wazazi wa visiwani mlishike hilo.

"Michembe nikiiloweka inalainika tu. Mbona hairudi kuwa kama kiazi kibichi?" Dada, Magu

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na seli zake zimekufa. Zilipokaukia juani tando zilichanika, na sasa maji yanaingia na kutoka yanavyotaka, hakuna wa kuyashikilia. Mchicha ulionyauka mchana unaponyunyiziwa maji sokoni husimama tena, maana tando zake bado ni nzima. Jaribu nyumbani: kata vipande viwili vyembamba vya kiazi kibichi, kimoja kiweke kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Jioni vikunje. Cha kwanza kitakatika kwa mlio, cha pili kitapinda kama mpira.