Vipepeo wa Mexico mwezi wa pili: muda gani, lenzi gani

Mkuu, umeuliza kama Februari bado utawakuta vipepeo wa monaki kule Mexico na kama lenzi ya 70-300 (ya kuvuta mbali, milimita 70 hadi 300) itakutosha. Utawakuta, tena umepatia kabisa, wanaingia kuanzia Novemba wakitokea Marekani na Kanada na wanaondoka Machi, na hiyo Februari jua likikolea ndo wanaruka kwa wingi.

Nenda hifadhi ya El Rosario au ya Sierra Chincua, zote ziko jimbo la Michoacán, lala mji mdogo wa Angangueo uamke uko karibu. Ila asubuhi sana usitegemee kitu, baridi inawabana, wanakaa wameshikana kwenye misonobari mpaka matawi yanainama, kwa mbali utadhani ni majani makavu. Subiri jua lipande, kama saa tano hivi, wakianza kufungua mbawa weka spidi ya shata sekunde 1/1000 au kasi zaidi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) pandisha tu usiogope chengachenga kwenye picha, na jipange jua liwe nyuma yao, ile rangi ya chungwa inawaka balaa!

Lenzi yako inatosha, changamoto ni kwamba huruhusiwi kuwasogelea, na flashi nayo ni marufuku, na hilo nakuomba uliheshimu kweli maana wale wanapitisha baridi yote kwa mafuta yaliyo mwilini, ukiwashtua wanayamaliza bure.

Beba koti, kule ni mita kama 3,000 juu ya usawa wa bahari, panda mdogomdogo. Na angalia unapokanyaga, wengi wanashuka kunywa maji kwenye tope njiani, hapo piga magoti upige picha za chini.