Chelewa hupima urefu tu: kuhusu viatu vya watoto wenye miguu mipana

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa miaka minne, ambaye kila kiatu cha shule kinamtosha urefu lakini kinambana ubavuni, na ambaye muuza duka amekushauri umpandishie namba mbili, naomba nikujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu ushauri huohuo nilipewa mimi mwaka 2019 na nikaufuata.

Mwanangu wa kwanza alikuwa anaanza chekechea. Nyumbani kwetu Temeke tulifanya kama tulivyofanyiwa sisi utotoni: mama yake alimsimamisha sakafuni, akachomoa chelewa kwenye fagio, akaikata sawasawa na urefu wa unyayo, nami nikaenda nayo Kariakoo. Kwenye namba 27 chelewa ilizama ikabakiza nafasi ya kidole mbele, nikanunua, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Mtoto alipovaa alilia. Kesho yake nilirudi dukani, muuzaji akanibadilishia akanipa namba 29, akaniambia kwamba mtoto atakua navyo, na sikubishana naye, kwani ni mzazi gani asiyependa kiatu cha kukaa miaka miwili? Hazikupita wiki mbili mtoto akawa anajikwaa kila kizingiti, kisigino kimetoka lengelenge kwa sababu kiatu kilikuwa kinapanda na kushuka, na ajabu ni kwamba kidole kidogo bado kilikuwa na alama nyekundu ileile.

Sababu niliielewa baadaye, nilipokaa na rula. Namba hizi za 27, 28 na 29 ni za Ulaya, na kutoka namba moja hadi nyingine urefu wa ndani huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita. Namba mbili, basi, ni zaidi ya sentimita moja ya urefu, lakini upana huongezeka kwa milimita chache tu. Unyayo wa mwanangu ulikuwa na urefu wa sentimita 16.5, na upana wa sentimita 7.3 pale penye vifundo vya vidole. Kwa urefu huo, ukiongeza sentimita moja na kidogo ya kuchezesha vidole, alihitaji namba 27 barabara. Katika namba 29 alikuwa na karibu sentimita tatu za hewa mbele, huku ubavuni akiwa amepata nafuu ndogo isiyoweza kumsaidia. Chelewa haikudanganya, tuliiuliza urefu nayo ikatujibu urefu.

Kwa hiyo acha chelewa, chukua karatasi. Mpime jioni, kwa maana miguu huvimba kidogo kutwa nzima, hasa kwa joto la Dar es Salaam, na mpime akiwa amesimama na uzito wote uko miguuni, kwani mtoto aliyekaa kwenye kochi mguu wake hujikusanya ukaonekana mwembamba. Mvalishe soksi zilezile za shule. Shika kalamu ikiwa imesimama wima, usiilaze kuelekea chini ya unyayo, kisha uizungushe kandokando ya miguu yote miwili juu ya karatasi, kwa sababu mara nyingi mmoja huwa mkubwa kuliko mwingine na kiatu hununuliwa kwa kufuata huo mkubwa. Ongeza mbele ya kidole kirefu kiasi cha milimita 12, kata karatasi hiyo kwa mkasi, uende nayo sokoni. Ukiitumbukiza ndani ya kiatu ikakunjamana pembeni, kiatu hicho mrudishie mwenyewe, hata kama namba ni yake na bei ni nzuri. Kama kiatu kina kitambaa cha ndani kinachotoka, kitoe na ukiweke juu ya karatasi: unyayo ukimwagika nje ya kitambaa, jibu umelipata bila kumvalisha mtoto.

Tazama pia umbo la mbele. Viatu vingi vya shule vya wasichana huchongoka mbele, na vile vya kudumbukiza mguu bila mkanda hukaa mguuni kwa kubana tu, hivyo kwa mtoto mwenye mguu mpana havifai kabisa. Tafuta chenye pua ya mviringo, kinachofunguka mpaka karibu na vidole, chenye mkanda au kamba, na kisicho na mshono juu ya kifundo cha kidole kidogo. Mguu mpana mara nyingi huwa mnene pia upande wake wa juu, kwa hiyo mkanda mfupi usiofika kwenye tundu lake ni dalili kwamba hata kina cha kiatu hakitoshi.

Jambo ambalo ningependa ningeambiwa mapema ni hili la herufi. Viatu vipya vinavyoletwa madukani kwetu karibu vyote ni vya upana mmoja, kwa kuwa mfanyabiashara akitaka upana wa aina tatu itambidi aweke kila namba mara tatu. Lakini kwenye mitumba, pale soko la Karume kwa mfano, hukutana na viatu vya nchi ambazo watoto hupimwa upana. Kiatu cha Uingereza huweza kuandikwa namba ikifuatwa na herufi, kama 9 G au 9 H. Kwa viatu vya watoto wa huko F ni upana wa kawaida, G ni kipana na H ni kipana zaidi. Cha Ujerumani huweza kuwa na alama ya WMS, ambapo W ni kipana, M ni cha kati na S ni chembamba. Cha Marekani kilichoandikwa W nacho ni kipana. Angalia lakini kwamba namba za Uingereza na Marekani hazilingani na hizi za Ulaya, kwa hiyo amini karatasi yako kuliko namba. Na kiatu cha mtumba kipindue kwanza: kama soli imelika upande mmoja, au ndani kuna shimo la kidole cha mwenye nacho wa kwanza, kiache, kwa sababu kimeshajifunza mguu wa mtoto mwingine.

Fundi viatu naye asisahaulike. Nilimpelekea fundi mmoja wa Tandika jozi moja ya namba 27 ya mdogo wake mwanangu, akailowanisha, akaingiza kibao chenye umbo la mguu, akaiacha siku mbili, ikapata nafuu ya milimita chache. Aliniambia wazi kwamba hilo linawezekana kwa ngozi halisi tu. Ngozi bandia hurudi ilivyokuwa au hupasuka. Mwaka uliofuata nilimwomba atushonee jozi mpya. Alizungusha utepe sehemu pana ya mguu, akabandika vipande vya ngozi pande mbili za kibao chake ili kinenepe, akashona juu yake. Nililipa shilingi 40,000, ghali kuliko za dukani, na baada ya kuambiwa "njoo kesho" mara nne. Sijawahi kununua viatu vilivyomkaa mtoto vizuri kuliko hivyo.

Kuhusu mama mkwe wako anayesema miguu imetanuka kwa sababu ulimwacha mtoto atembee pekupeku uani, mwambie kwa adabu kwamba hakuna ubaya uliotendeka. Unyayo wa mtoto mdogo kwa kawaida ni mpana mbele na umejaa chini, na uvungu wake huendelea kujijenga kwa miaka kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu watoto 2,300 wa kusini mwa India ulikuta nyayo bapa ni nyingi zaidi kwa watoto waliovaa viatu kuliko kwa waliotembea pekupeku. Pengine amtazame mwanawe mwenyewe miguu. Wangu wameurithi upana huo kwangu, na mimi kwa baba yangu. La kupeleka hospitali ni mguu mmoja uliopanuka peke yake, uvimbe, au mtoto kuchechemea hata akiwa pekupeku.

Usinunue jozi mbili kwa mpigo, na pima upya kila baada ya miezi mitatu au minne. Kama shule inashikilia viatu vya ngozi nyeusi na fundi bado hajamaliza, mwandikie mwalimu wa darasa barua fupi. Mimi niliomba mtoto avae raba nyeusi pana kwa wiki mbili, nikaambatanisha ile karatasi yenye mchoro wa mguu wake, na mwalimu alikubali siku hiyohiyo.