Kwa mnaoripoti idara ya mazingira Dar: mto mmoja, wenye mto kibao

Nyie maafisa mazingira wapya mnaoripoti kazini kwenye halmashauri za Dar, hasa zinazopitiwa na Mto Msimbazi, chuo wamewafundisha maji yanachafukaje ila hawajawaambia nani anaamua, na kazi yote iko hapo. Mto unaanzia vilima vya Pugu kule upande wa Kisarawe, ambako ni mkoa wa Pwani, unashuka Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani mpaka unaingia baharini pale daraja la Salenda. Njia nzima hiyo kibali cha kumwaga majitaka mtoni ni cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, mabomba ya majitaka na yale mabwawa ya kuyasafishia ni DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar), mifereji ya barabarani TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), vyeti vya tathmini ya mazingira NEMC (baraza la taifa la mazingira), alafu wewe wa halmashauri umebaki na taka, vyoo, machinjio, vibali vya ujenzi na sheria ndogo. Mwananchi hayo hayajui na wala hayamhusu, akiona maji meusi anampigia diwani, diwani anakupigia wewe.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usikimbilie mtoni. Omba mihtasari ya Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya miaka miwili mitatu nyuma, usome nini kiliazimiwa na kwa nini hakikufanyika. Mara nyingi utakuta hela haikutengwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, na kama hela ya kupima maji haimo kwenye mapato ya ndani mpaka Januari, jihesabie umeshakosa.

Na kwenye kikao usimsomee diwani habari za kikomo cha BOD (kipimo cha uchafu unaomaliza oksijeni ya maji) miligramu 30 kwa lita, atafungua simu yake tu. Mwambie mfereji gani, mtaa gani, mvua ikianza vyoo vinatapishwa, maji yanaenda kwenye bustani za mchicha bondeni na huo mchicha unauzwa sokoni kwake. Hapo atakaa vizuri kwenye kiti. Ila hiyo 30 iweke kwenye faili, maana mwenye kiwanda akija atakuja na mwanasheria na majibu yake ya maabara.

Hili la kutapisha vyoo mlielewe vizuri kabla hamjaanza kuandika faini. Watu wanasubiri mvua kubwa, usiku wanatoboa shimo la choo pembeni, maji ya mvua yanabeba. Sio ushenzi jamani, gari la majitaka haliingii kwenye vile vichochoro na hata likifika karibu bei yake mpangaji wa chumba kimoja hana. Sheria ndogo ikija na faini peke yake watatoboa saa nane usiku badala ya saa mbili, basi. Mimi naona bora ubanane na mtendaji kata na wajumbe wapate vikundi vya vijana wenye pampu ndogo za mkono, na DAWASA wakubali kupokea huo uchafu sehemu ya karibu, hapo ndo faini inakuwa na maana.

Kupima nako kuna wenyewe. Simama umeelekea maji yanakotoka, usichote ukingoni palipotulia, chupa ya kemikali suuza kwa maji ya mto hapohapo mara tatu, lakini ya bakteria usiisuuze kabisa, imeshauliwa vijidudu hiyo. Weka kwenye barafu ufike maabara siku hiyohiyo. Na pima kiangazi pia, maana mvua inazimua uchafu na mtu atakuja kutumia namba zako za masika kukwambia mto uko poa.

Mwisho kuna mita 60. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo kutoka kwenye mto, ila Msimbazi unahama, kingo ya mwaka jana mwaka huu ni maji, kwahiyo andika tarehe uliyopima na piga picha. Tena mtangulize mwenyekiti wa mtaa na mjumbe. Bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015 watu hawajaisahau, zile X nyekundu ukutani, wakiona tepu tu wanajua wanavunjiwa, na hata ukiwa umekuja kuangalia mfereji hakuna atakayekuonyesha unapotokea. Gambuti nunua mwenyewe, za ofisi huwa zinabaki za saizi moja tu na zimetoboka.